Punda wa Ukutani

Punda yule alikuwa wa kijivu, na mgongo wake ulinifika kifuani. Nilikuwa na miaka saba. Ilikuwa mwaka 1976, sikukuu ya mavuno, wazazi wetu wako nje wananadi mikungu ya ndizi na magunia ya mahindi, sisi watoto tumebaki ndani ya kanisa peke yetu. Punda alikuwa amechorwa ukutani, kushoto kwa madhabahu, mgongoni kabeba mtu aliyefungwa matambara kichwa kizima. Tulimpapasa kama mtu anavyompapasa mnyama aliye hai, kutoka shingoni kwenda mkiani, kwa viganja vyenye jasho na mafuta ya nazi na vumbi la njiani. Kila mtoto wa mtaa wetu alifanya hivyo, kila Jumapili. Ikifika Majilio punda amekwisha chujuka mgongo mzima, na Mwinjilisti wetu anampaka rangi upya. Sehemu nyingine za mchoro hakuzigusa. Punda tu.

Mchoro wenyewe ulikuwa wa Msamaria Mwema, lakini Yeriko haikuwemo. Barabara ilikuwa yetu, ile inayoteremka kutoka Lushoto, ikapita Soni penye maporomoko, ikakunjakunja ukingoni mwa genge mpaka Mombo, na chini kabisa mashamba ya mkonge yamepangwa mistari kama daftari. Nikiwa mtu mzima nilisoma kwamba njia ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko hushuka karibu mita 1,000 katika mwendo usiofika kilomita 30. Nikafungua ramani: Lushoto mpaka Mombo mteremko ni kama ule ule, na urefu wa njia unakaribiana. Mwinjilisti hakuwa na ramani zaidi ya zile kurasa za mwisho za Biblia. Alisoma kwamba mtu yule alikuwa akishuka, na kushuka alikujua. Alizaliwa juu ya mteremko.

Aliyeumizwa alikuwa mchuuzi wa kwetu, Msambaa, kapu lake la pea limemwagika barabarani. Mtu wa kwanza kumpita alikuwa mchungaji mwenye kola nyeupe shingoni. Wa pili alikuwa mzee wa kanisa, daftari la sadaka kwapani. Wote wawili walichorwa wakitazama mbele kwa uangalifu, kama watu wanaochelea kuchelewa ibada. Na aliyesimama, akamwinua yule mchuuzi na kumpandisha juu ya punda wake, alikuwa Mmasai.

Mimi nimezaliwa nikaikuta picha hiyo, lakini bibi yangu alinisimulia ugomvi uliozuka juu yake. Ilichorwa mwaka 1962. Wazee waliokuwa wakiketi viti vya mbele walikuwa wamekulia kwenye masimulizi ya baba zao kuhusu uvamizi wa ng'ombe kule tambarare, na neno Mmasai lilikuwa bado linatumika kunyamazisha watoto usiku. Baraza la wazee lilikaa mara tatu. Mmoja alisema mtu yule afutwe, awekwe mwingine. Mwinjilisti akauliza, "Nimweke nani?" Wakamtajia daktari wa hospitali ya misheni ya Bumbuli. Wakamtajia mwalimu. Wakamtajia chifu. Mwinjilisti akawajibu, "Baba zangu, hao wote mnawapenda. Nitajieni mtu ambaye msingetaka awaguse hata mkiwa mahututi, nami nitamchora huyo." Bibi alisema chumba kilikaa kimya muda mrefu, kisha mzee mmoja akaanza kusali sala ya kufunga kikao. Mchungaji wa usharika naye alikuja kujionea, akaitazama ile kola ukutani, akasema iachwe ilivyo.

Nimeyafikiria maneno yale ya Mwinjilisti zaidi ya somo lolote la ubunifu nililowahi kupewa.

Rangi alizitengeneza mwenyewe. Nyeupe ilikuwa chokaa. Nyekundu ya shuka la Mmasai ilikuwa udongo wa kando ya barabara, uliochekechwa kwa kitambaa mpaka ukawa laini kama unga wa muhogo. Nyeusi ilikuwa masizi ya sufuria za jikoni kwake, na bluu ya milima ya mbali ilikuwa ile buluu ya kufulia mashuka. Brashi zilikuwa nyuzi za katani zilizofungwa kwenye vijiti. Kwa punda peke yake alitumia rangi ya mafuta, mabaki ya kwenye makopo aliyokuwa akipewa na mafundi wa bodi za mabasi Mombo, kwa sababu aliona mapema kwamba rangi ya chokaa isingeistahimili mikono yetu. Angeweza kutukataza kumgusa. Aliamua kubadilisha rangi.

Na aliifundisha picha kwa namna ambayo sijaiona tena popote. Hakusimama na fimbo kutuonyesha huyu nani na yule nani. Siku za Shule ya Jumapili aliuliza swali moja: "Wiki hii ulikuwa wapi ukutani hapa?" Kila mtoto anatembea mpaka anapodhani alikuwepo, anasimama. Mtu aliyempa mwenzake kipande cha muhogo shuleni anakwenda kwa Mmasai. Mtu aliyepigwa anakwenda kwa mchuuzi. Siku moja msichana mkubwa kidogo, ambaye nyumbani kwao kulikuwa na matatizo tuliyoyajua sote, alitembea taratibu akasimama kwa mzee mwenye daftari, akalia. Mwinjilisti hakusema kitu. Alikwenda akasimama naye palepale, chini ya yule mzee, mpaka kipindi kikaisha.

Nilipofika darasa la tano alianza kunipa kazi. Mabango ya sherehe za kanisa yaliandikwa kwenye kitambaa cha marekani, yeye anachora mipaka ya herufi kwa penseli, mimi najaza. "Shikamoo, Mwinjilisti." "Marahaba, mwanangu. Nawa mikono kwanza." Bango likikauka tunalitundika nje, kisha yeye anatembea mpaka kwenye mforosadi uliokuwa kando ya barabara, anageuka, anasoma kwa sauti. Neno asiloweza kulisoma vizuri kutoka pale linafutwa, linaandikwa upya kwa herufi nene zaidi au linaondolewa kabisa. Maneno mengi yaliondolewa. Baadaye mjini nilifundishwa kanuni ya wachora mabango: kila mita 3 za umbali wa msomaji zinahitaji herufi yenye kimo cha sentimita 2.5 hivi. Niliihesabu kwa ule mforosadi wetu nikakuta Mwinjilisti alikuwa sawasawa, kwa miguu yake tu.

Picha nyingine tulizokuwa nazo ni chache kiasi kwamba naweza kuzitaja zote. Kulikuwa na kijitabu cha Moyo wa Mtu, ambacho msomaji wa makamo yangu hahitaji kuelezwa: moyo mkubwa umechorwa kama chumba, ndani yake wamo tausi wa kiburi, nguruwe, kobe wa uvivu, chui wa hasira, nyoka, chura, na jicho la Mungu linatazama. Kitabu hicho kina asili ya Ujerumani, kwa mchungaji Johannes Gossner, mwaka 1812, na kilitufikia sisi Waafrika kupitia toleo lililochapwa Afrika Kusini. Mama yangu hakujua kusoma vizuri, lakini wanyama wale aliwajua kwa mpangilio wao, na tukikosana nyumbani alikuwa akituambia, "Kobe wako ameamka." Kulikuwa na ubao wa flaneli, na sanamu za karatasi zinazonata juu yake, ulioletwa na mmisionari mwanamke kwenye kikapu. Na kulikuwa na filamu ya Yesu, ile ya mwaka 1979 inayoifuata Injili ya Luka, iliyoonyeshwa kwenye kiwanja cha shule juu ya shuka jeupe, jenereta inanguruma nyuma ya vyoo. Mkanda wa filamu ukiisha giza linatanda, fundi anahangaika na kurunzi, na katika giza lile mtu mmoja anaanzisha wimbo na mlima mzima unaitikia. Nakiri nayakumbuka zaidi yale mapumziko ya giza kuliko filamu.

Sitaki nidanganye kwamba zamani kila kitu kilikuwa chema. Sebule nyingi za kwetu zilikuwa na kalenda yenye ule uso wa Yesu mwenye nywele za rangi ya asali, anayetazama juu kwa upande. Uso huo ulichorwa na Warner Sallman wa Chicago mwaka 1940. Alikuwa mchoraji wa kazi za biashara na matangazo, na nakala zake zimechapwa zaidi ya milioni 500. Kuna watu wazima niliowajua ambao walikuwa wakiomba wamefumba macho na wanauona uso huo. Kulikuwa pia na kile kitabu kisicho na maneno, chenye kurasa za rangi tupu, kilichotokana na mahubiri ya Charles Spurgeon kule London mwaka 1866: nyeusi ni dhambi, nyekundu ni damu, nyeupe ni moyo uliosafishwa. Mdogo wangu wa kike alitazama ukurasa mweusi, akatazama mkono wake, akaufumbata. Hakuuliza. Mwalimu aliyekuwa akifundisha siku ile alikuwa mtu mwema sana na hakuona kitu. Mimi niliona, na labda ndiyo sababu nilitaka kuwa mchoraji.

Nilikwenda Dar es Salaam mwaka 1991, nikapata kazi kwenye duka la uchapaji Kariakoo. Nilianza kwa kukata stensili na kuchapa fulana kwa skrini, kisha ikaja kompyuta, ikaja PageMaker, ikaja Photoshop. Sikuwahi kufurahi namna ile maishani mwangu. Kitu ambacho Mwinjilisti angekifanya kwa siku nne nilikifanya kabla ya chai ya saa nne. Wateja wengi walikuwa wa makanisa: mikutano ya Injili, semina za ndoa, uzinduzi wa kanda za kwaya. Nilijipa jina moyoni kwamba mimi ni mhubiri wa picha. Niliamini hivyo, na kwa miaka michache ya mwanzo nadhani ilikuwa kweli. Bango la mwaka 1993 ambalo bado ninalo lina mkono mmoja unaomega mkate, jina la uwanja, tarehe, saa. Uso hakuna. Nililitengeneza kwa kufuata michoro ya Annie Vallotton, yule mama mzaliwa wa Uswisi aliyelichorea Agano Jipya la Kiingereza chepesi lililotoka mwaka 1966. Kwake mtu mzima ni mistari sita au saba, na uso mara nyingi hauna zaidi ya nukta, ili msomaji auvae yeye. Nilipoiona mara ya kwanza nilimkumbuka yule mchuuzi wetu na matambara yake.

Sijui siku yenyewe mambo yalipogeuka. Nimefungua mafaili yangu ya zamani nikayapanga kwa miaka, nikitafuta. Kwanza mhubiri mmoja alileta picha yake ya pasipoti, akaomba iwekwe chini kwenye kona ili watu wamtambue. Ombi la haki kabisa. Mwaka uliofuata mwingine alitaka picha iwe kama ya yule, ila kubwa kidogo. Kisha akaja mke wa mhubiri, kando yake. Kisha wageni waalikwa, safu nzima, suti na tai, kila mmoja na cheo chake, na ikabidi kupima nyuso kwa rula maana mtumishi mmoja alilalamika kichwa chake ni kidogo kuliko cha mwenzake. Nafasi ilitoka wapi? Ilitoka kwenye mstari wa Maandiko, uliokuwa juu kwa herufi nene, ukashuka chini, ukapungua, ukabaki jina la kitabu na namba ya aya, kisha siku moja haukuwepo na hakuna mteja aliyegundua. Ilitoka kwenye mkate. Mwishoni, bango la mkutano wa Injili na bango la mgombea udiwani yakawa hayatofautiani ila kwa maneno, na maneno hayasomeki kutoka barabarani.

Mkono uliokuwa ukipunguza ule mstari ulikuwa wangu. Hakuna mhubiri aliyeishika kompyuta yangu. Wengi wao ni watu waliopenda kazi ya Mungu, na kama ningewaambia, "Baba, hebu tuitundike tuisome kutoka ng'ambo ya barabara," nadhani nusu yao wangekubali. Sikuwaambia. Nilikuwa na watoto wawili shuleni na foleni ya wateja mlangoni.

Mwaka 2005 nilipata nafasi ya kwenda Murang'a, Kenya, kwenye kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Ndani yake mna michoro mikubwa ya ukutani iliyochorwa na Elimo Njau mwaka 1959. Njau ni mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, na kule Murang'a alichora kuzaliwa kwa Yesu katikati ya nyumba za nyasi na vilima vya Waagikuyu, mama Mwafrika, mtoto Mwafrika. Nilikaa pale karibu saa nzima. Nilipiga picha kwa kamera yangu mpya, nikarudi Dar nikawaonyesha vijana wa ofisini, nikawaeleza kwa bidii kwamba huyu mtu miaka ile yote aliona ambacho wengi walikuwa hawajakiona. Yote hayo niliyasema, na ukuta wa kwetu haukunijia akilini hata dakika moja. Nilikuwa nimeuzoea tangu utoto. Ulikuwa ukuta wa nyumbani tu, uliochorwa na mwinjilisti mwenye mshahara wa mahindi.

Mwaka 2012 mtaa wetu ulijiandaa kwa jubilei ya miaka 75. Wazee wakanipigia simu, kijana wetu wa mjini, mtaalamu, njoo utusaidie. Niliona fahari. Nilipanda na gari la kukodi nikiwa na fleksi ya mita 4 kwa 3, taa mbili, na ndoo mbili za rangi ya maji, rangi ya malai. Kwenye fleksi niliweka jua linachomoza, njiwa, mikono miwili imenyooshwa, na maneno ya jubilei kwa herufi zenye kivuli cha dhahabu. Jua nililipakua kwenye intaneti. Njiwa pia. Kungekuwa na mtu wa kupiga video, na nilikwisha tazama kupitia kamera yake: ule ukuta wa zamani ulionekana mchafu, una madoa, chokaa imebanduka penye shuka la Mmasai. Nikasema tusafishe ukuta wote kwanza ili fleksi ikae vizuri. Mzee mmoja aliuliza kama picha ya Mwinjilisti haiwezi kubaki japo upande mmoja. Nilimjibu kwa upole, kwa maneno ya kitaalamu, kwamba macho ya mtu yanahitaji kitu kimoja cha kutazama. Jibu hilo ni sahihi na nililitumia vibaya.

Kazi ilichukua asubuhi moja. Nilimwachia kijana mwenye rola apite, mimi nikaenda kufunga taa. Sikuangalia alipofika kwa punda.

Mwinjilisti alikuwa amestaafu miaka mingi, ana zaidi ya miaka 80, lakini kila Majilio alikuwa bado anakuja na kopo lake, watu wamemshika mkono, amkarabati punda. Siku ya jubilei alikuja na wajukuu zake. Alisimama katikati ya njia ya kati, akatazama mbele. Niliharakisha kwenda kumsalimia. "Shikamoo, Mwinjilisti." "Marahaba, mwanangu." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema pamekuwa na mwanga. Akaniuliza maandishi yale yanasema nini, nikamsomea, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akataka apelekwe mahali pake pa kukaa, na alipopita mbele ya ukuta aliunyooshea mkono wa kushoto bila kugeuza kichwa, akaugusa kidogo kwa ncha za vidole, kama mtu anayepita penye mlango wa jamaa yake asiye na muda wa kuingia. Rangi ilikuwa haijakauka vizuri. Nilimwona akiketi na kujifuta vidole kwenye leso, taratibu, kimoja kimoja.

Hatukuzungumza habari hiyo, siku ile wala baadaye. Alifariki mwaka 2016. Mazishini kila aliyesimama kutoa salamu alitaja ukuta, na wawili kati yao, watu wazima wenye mvi, walitaja mahali walipokuwa wakisimama utotoni. Mmoja alisema, "Mimi nilikuwa mtu wa daftari." Aliposema hivyo kanisa zima lilielewa, isipokuwa vijana.

Fleksi haikufika mbali. Jua la dirisha la mashariki liliila rangi nyekundu kwanza, kisha njano, likabaki jua la bluu na njiwa wa bluu, na mwaka wa nne kona moja ilichanika ikawa inapiga ukuta upepo ukivuma. Siku hizi haipo. Kuna skrini ya projekta, ambayo si mbaya: maneno ya nyimbo yanaonekana, na mama mmoja asiyesikia vizuri anafuata ibada kwa kusoma. Picha zinazobaki ni za kwenye simu. Kila alfajiri nazipokea, kumi, kumi na tano, waridi na mawingu na mstari wa baraka, na nyuso za watumishi walionyoosha kidole kunielekea. Nyingine zimetengenezwa vizuri sana. Vijana wa sasa wanajua rangi kuliko nilivyojua mimi kwa umri wao, na programu zinazotumika ni za bure. Nazifungua kwa kidole gumba na nazifuta kwa kidole gumba. Najaribu kukumbuka moja ya wiki iliyopita, siwezi.

Desemba iliyopita nilipanda nyumbani. Mtoto wa dada yangu, kijana wa kwaya anayetengeneza matangazo ya usharika, alinijia amefurahi. "Shikamoo, mjomba. Tazama, nimemrudisha." Alikuwa amesimuliwa habari za ukuta na mama yake, akaielezea akili mnemba, nayo ikamtolea picha. Ilikuwa nzuri. Milima ilikuwa milima, ukungu umekaa mabondeni kama unavyokaa Juni, Mmasai amesimama na shuka lake jekundu, punda wa kijivu, majeruhi juu yake. Nilitamani kumsifu na nikamsifu. Lakini niliitazama tena. Mmasai alikuwa akitabasamu kututazama sisi. Na barabara nyuma yake ilikuwa tupu.

"Wako wapi waliompita?" nikamuuliza.

"Waliompita akina nani?"

"Mchungaji. Na mzee mwenye daftari."

Alikunja uso. "Kwani kulikuwa na mchungaji, mjomba? Mama hakuniambia. Nikimweka mchungaji, si watasema nawasema?"

Nikamsimulia. Barabara ya Mombo, vikao vitatu, ile kola. Nikamsimulia habari ya yule msichana aliyelia, bila kumtaja. Hakuwa ameyasikia kabisa. Ukuta ulipofutwa yeye alikuwa na miaka minne, na mama yake alikuwa amebeba kumbukumbu ya punda tu, kama sisi sote. Jioni ilikuwa bado na mwanga kidogo, tukatembea mpaka kanisani, mlinzi akatufungulia.

Ukuta ni wa rangi ya malai mpaka leo, umepakwa mara moja nyingine baada yangu. Nilisimama kushoto kwa madhabahu. Sikuona kitu, nikaweka kiganja pale ninapokumbuka, nikajikuta nimeinama sana, maana kile kimo cha kifua changu cha miaka saba sasa kiko chini ya mkanda wa suruali. Ukuta ulikuwa laini. Nikasogeza mkono kulia. Pale ukuta ulipanda, unene wa kadi mbili au tatu hivi, mstari ulionyooka kisha ukapinda kushuka. Rangi ya mafuta, safu juu ya safu, Majilio zaidi ya 40. Rola ilikuwa imepita juu yake tu.

Nikamshika kijana mkono nikauweka pale. Hakuelewa kwanza. Kisha akafumba macho, akaanza kuupeleka taratibu kutoka mgongoni kwenda mbele, ukapanda shingo, ukasimama.

"Mjomba," akasema, "hapa kuna sikio."